Kilomita 352: nilivyojifunza kupima mafuta ya pikipiki ya safari baada ya kuishiwa njiani

Injini haikuzima ghafla. Ilikohoa mara mbili kama mtu aliyepaliwa, ikashika tena kwa mita mia hivi, halafu kimya. Nikabaki nasikia upepo kwenye helmeti na mnyororo unavyokwaruza. Mita ya safari ilisoma kilomita 352. Kwa hesabu niliyokuwa nayo kichwani, tangini mlikuwa bado na kilomita 76.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ndio ulioniponza. Kitabu cha pikipiki kinasema tangi linachukua lita 20. Dashibodi ilikuwa ikionyesha wastani wa kilomita 21.4 kwa lita. Zidisha, unapata 428. Kituo nilichopanga kujaza kilikuwa kwenye kilomita ya 390, kwa hiyo nikaona nimejiachia nafasi ya kutosha. Taa ya mafuta iliwaka kwenye kilomita ya 283, nikaidharau. Nilisema moyoni taa hizi zimetengenezwa kwa ajili ya waoga.

Pikipiki ya safari yenye mabegi mawili ya pembeni na boksi la nyuma inazidi kilo 250. Ikitembea huuoni uzito huo. Ikizima, unauona wote kwa mpigo. Nilisukuma kama mita mia nne. Penye mwinuko mdogo ikaegemea upande ambao sikuwepo, ikalala chini. Mguu wangu ulisalimika, lakini mkono wa klachi ulikatika na begi la kushoto likabonyea. Dereva mmoja wa pikapu akanionea huruma, akanipeleka na kunirudisha. Nusu siku ikaishia hapo, gharama ya mkono mpya wa klachi ikafuata, na mtu aliyekuwa ananisubiri mwisho wa safari alisubiri mpaka akachoka.

Usiku ule ndipo nikajiuliza swali nililopaswa kujiuliza tangu mwanzo: hiyo 21.4 ilitoka wapi?

Nilikuja kuelewa kwamba dashibodi haipimi mafuta yanayotoka tangini. Inakadiria kwa kuangalia noseli za injini, vile vijitundu vinavyonyunyizia mafuta, zimefunguka kwa muda gani, kisha inagawanya umbali kwa makadirio hayo. Umbali nao unatoka kwenye odomita, kile kihesabu cha kilomita zote pikipiki ilizokwenda, ambayo ina uongo wake, nitaufikia. Na kulikuwa na aibu nyingine zaidi ya hizo: pikipiki niliinunua imeshatumika, na wastani ule sikuwahi kuufuta. Ndani yake mlikuwa na miezi ya mwenye nayo wa kwanza, ambaye kwa dalili zote alikuwa mtu mpole, asiye na mizigo. Nilipanga safari yangu kwa mwendo wa mtu mwingine.

Kwa nini sikuishuku namba hiyo? Kwa sababu nilishaisoma mahali kwamba pikipiki ya aina hii inakwenda maili 50 kwa galoni, nikaibadilisha, nikapata kilomita 21.3 kwa lita. Ikalingana na dashibodi, nikaridhika. Kumbe galoni ziko mbili. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Maili 50 kwa galoni ya Marekani ni kilomita 21.3 kwa lita. Kwa galoni ya Uingereza ni 17.7 tu. Aliyeandika alikuwa anatumia ya Uingereza. Makosa mawili yaliyolingana yalinipa imani kuliko ukweli mmoja ungenipa.

Basi nikaamua kupima mwenyewe kwa njia ambayo kila mtu anaijua: jaza tangi, futa mita ya safari, endesha, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Nani asiyeweza hiyo?

Mimi. Tangi la kwanza nilikwenda kilomita 240, nikajaza lita 10.4. Jibu: 23.1 kwa lita. Nilifurahi kiasi cha kumpigia simu rafiki yangu tunayesafiri naye, nikamwambia pikipiki yangu inanusa mafuta tu, hainywi. Akacheka, akasema, "Kaka, subiri tangi la pili." Tangi la pili nilikwenda kilomita 236, zikaingia lita 13.9. Kilomita 17 kwa lita. Njia ile ile, mizigo ile ile, mwendo ule ule. Nikaanza kuwatuhumu waliouza mafuta.

Hawakuwa na kosa. Mara ya kwanza nilijaza nikiwa nimeiegemeza kwenye stendi ya pembeni, pampu ikakata mapema, nikaondoka. Pikipiki ikilala upande, shingo ya tangi inaelekea pembeni, na mafuta yanaufikia mdomo wa pampu kabla tangi halijajaa. Mara ya pili niliisimamisha wima kwenye stendi ya kati, ikameza zaidi. Zile karibu lita mbili ambazo tangi la kwanza halikuzilipa, tangi la pili lilizilipa pamoja na za kwake. Ukijumlisha yote mawili, kilomita 476 kwa lita 24.3, unapata 19.6. Ukweli ulikuwa katikati, umekaa kimya.

Ndiyo maana mtu akiniambia "tangi moja nimepata kadhaa", huwa nasikiliza kwa heshima, basi. Kosa la nusu lita kwenye kujaza, ukiwa umetumia lita 12, ni zaidi ya asilimia 4. Lakini hapa kuna jambo zuri lililonichukua muda kuliona: ukijaza mfululizo na kujumlisha, makosa ya katikati yanafutana. Ulichopunja leo utakilipa kesho. Yanayobaki ni kosa la kujaza kwa kwanza na la mwisho tu. Kwa hiyo kwenye matangi sita, lita 72 hivi, nusu lita ile ile inakuwa chini ya asilimia 1. Siku hizi ninajaza kwa makini mno mara ya kwanza na ya mwisho, na za katikati naziacha zijiendee.

Kujaza kwa makini maana yake nini? Kwangu ni hivi. Pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali pasipo na mteremko. Kama haina stendi ya kati, mtu aishike wima. Mhudumu namwomba apunguze kasi mwishoni, kwa sababu mafuta yakiingia kwa nguvu yanatoa povu na pampu inakata kabla ya wakati. Povu likitulia naongeza taratibu mpaka mafuta yaguse chini ya shingo ya tangi. Hapo ndipo alama yangu. Siingii ndani ya shingo.

Hili la shingo nililipia. Wakati wa zile siku za kutafuta usahihi kwa pupa, nilijaza mpaka kwenye mfuniko, nikaegesha juani, nikaenda kunywa maji. Niliporudi kulikuwa na doa la mafuta chini ya pikipiki, yanadondoka kutoka kwenye kipira cha kumwagia ziada, sentimita chache kutoka kwenye injini ya moto. Petroli inatanuka kwa karibu asilimia 1 kila joto linapopanda nyuzi 10. Lita 20 zilizotoka kwenye tangi la chini ya ardhi likiwa na ubaridi, zikipata moto wa nyuzi 20 zaidi, zinadai nafasi ya lita 0.4. Zisipoipata ndani, zinaitafuta nje. Ile nafasi tupu ya juu mtengenezaji ameiacha makusudi.

Upande wa pili wa mgawanyo ni kilomita, na huko nako kuna mdudu. Niliwasha ramani ya setilaiti kwenye simu, nikaenda kilomita 200 za barabara iliyonyooka. Odomita yangu ilisema 206. Asilimia 3 hewa. Kwa hiyo kila kilomita ninayoisoma naizidisha kwa 0.97 kabla ya kugawanya, na ile 19.6 iliyonifariji ikageuka 19. Usichanganye hili na spidomita. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inakataza spidomita kuonyesha kasi ndogo kuliko halisi, kwa hiyo watengenezaji wanaielekeza juu. Yangu ikisema 100 ninakwenda 94. Odomita ina kosa lake tofauti, na kosa hilo linabadilika tairi linavyoisha: tairi lililolika milimita 5 lina mzunguko mdogo kwa asilimia moja na nusu hivi, linazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ile ile, na odomita inahesabu kilomita ambazo hukuzisafiri. Nikibadilisha tairi la nyuma au la mbele, kutegemea sensa inayohesabu mizunguko iko wapi, napima upya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilinunua kijidaftari kinachoingia mfuko wa koti. Kila nikijaza naandika tarehe, odomita yote (siyo mita ya safari, maana siku moja nilisahau kuifuta na tangi zima likapotea), lita kwa desimali zote zinazoonyeshwa na pampu, na maneno machache: upepo, abiria, mizigo, mwendo. Hayo maneno machache yamenisaidia kuliko namba. Namba 17.2 peke yake inakutia wasiwasi. Ukiona pembeni yake "upepo mkali wa mbele, watu wawili", unalala.

Katika kufanya wastani nilikosea tena, tena kwa miezi. Nilikuwa najumlisha majibu ya kila tangi na kugawanya kwa idadi ya matangi. Chukua kilomita 200 kwa lita 10: hiyo ni 20. Kisha kilomita 200 kwa lita 12.5: hiyo ni 16. Utasema wastani ni 18. Lakini umekwenda kilomita 400 kwa lita 22.5, na hiyo ni 17.8. Tofauti inaonekana ndogo, ila matangi yakiwa na kilomita sawa, siku zote inaelekea upande wa kukudanganya kwamba una mafuta mengi. Jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, gawanya mara moja. Au tumia lita kwa kilomita 100, ambayo ukiuliza maoni yangu ndiyo namba ya mtu mzima, kwa sababu inakuambia moja kwa moja utahitaji nini kwa njia iliyo mbele yako. Nimeizoea kilomita kwa lita tangu zamani, siwezi kuiacha.

Baada ya miezi kadhaa ya daftari nikapata hamu ya kujua mwendo unakula kiasi gani. Nilichagua kipande kimoja cha barabara tambarare, nikakipita kwenda na kurudi, matangi mawili kwa 90 halisi na mawili kwa 115 halisi, mizigo ikiwa yote. Kwa 90 nilipata kilomita 22.4 kwa lita. Kwa 115 nikapata 17.6. Nguvu ya upepo unaokukinza inapanda kwa mraba wa kasi: kutoka 90 hadi 115 inaongezeka kwa asilimia 63. Injini haikuongeza ulaji kwa kiwango hicho chote, maana kuna mafuta inayoyatumia hata upepo usipokuwepo, lakini ulaji uliongezeka kwa robo na zaidi. Kwenye kilomita 200 nilikuwa naokoa dakika 29 na kulipa lita mbili na nusu. Na kwa kuwa tangi linawahi kuisha, dakika nyingine zinaishia kwenye foleni ya pampu.

Upepo wenyewe nilidhani unafidia. Unakwenda nao ukikupiga kifuani, unarudi nao ukikusukuma mgongoni, mnamalizana. Haiko hivyo. Ukiwa kwenye 90 na upepo wa 20, kwenda unakutana na hewa ya 110, kurudi ya 70. Mraba wa 110 ni 12,100, wa 70 ni 4,900, wastani 8,500. Bila upepo ungekuwa 8,100. Umepoteza asilimia 5, hata ukirudi. Na siku niliyoishiwa mafuta sikuwa narudi. Nilikuwa nakwenda tu, mbisho mtupu, kwa 115.

Kilichonishangaza ni abiria. Nilitegemea mtu wa pili atakula sana. Barabara ya tambarare alinigharimu chini ya kilomita moja kwa lita, kwa kuwa amejificha nyuma yangu na upepo haumwoni. Mabegi mapana ya pembeni na kile kioo kirefu cha mbele nilichokifunga kwa mbwembwe vilinigharimu zaidi. Milimani hesabu inageuka, huko uzito unalipwa.

Kisha daftari likanilipa kwa namna nisiyoitegemea. Matangi matatu mfululizo yalishuka: 19.5, 18.3, 17.4. Hakuna upepo, hakuna abiria, maneno ya pembeni yote ni ya kawaida. Nikaangalia upepo wa tairi, tena asubuhi tairi likiwa la baridi, maana hapo nyuma nilikuwa napima baada ya kuendesha, joto likiwa limeshauongeza. Ulikuwa sawa. Chujio la hewa safi. Nikampelekea fundi mmoja mtu mzima.

"Mzee, nadhani injini imeanza kuchoka."

Hakuigusa injini. "Inua gurudumu la nyuma, mwanangu. Sasa lizungushe kwa mkono."

Nikalisukuma. Likazunguka nusu mzunguko likasimama, kama mlango wenye zulia chini. Akanituma nikaizungushe pikipiki kilomita mbili bila kugusa breki ya nyuma. Niliporudi akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akadondoshea tone moja kwenye disiki ya breki ya nyuma. Likachemka, tss, likatoweka. Ya mbele alipoidondoshea, maji yakateleza tu. Pistoni ya breki ilikuwa imeganda kwa uchafu, haikurudi nyuma, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nasafiri huku nimefunga breki. Alisafisha, akabadilisha pedi na mipira, tangi lililofuata likarudi 19.4. Bila zile namba tatu kwenye daftari ningeendelea mpaka disiki iungue, au gurudumu lishike nikiwa kwenye kona.

Bado kulikuwa na swali la lile tangi la lita 20. Siku moja nilijaza mara tu baada ya taa kuwaka. Zikaingia lita 15.8. Kwa hiyo taa inapowaka zimebaki kama lita 4.2. Lakini si zote zinafika kwenye injini, kuna kidogo kinabaki kwenye pembe za tangi ambako pampu haifiki. Wapo wanaopima hilo kwa kuendesha makusudi mpaka izime, wakiwa na kidumu cha mafuta ya akiba. Kwa pikipiki za kabureta sina ugomvi nalo. Kwa zile za kisasa pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na mafuta hayo hayo, kwa hiyo kuikausha ili ujue namba ni kununua namba kwa bei ya pampu. Mimi nimekubali kwamba nina lita 18 na sizitafuti zile nyingine mbili.

Wastani wangu wa mwaka ni 19.1. Ninautumia kukadiria bajeti tu. Kwa kupanga vituo natumia namba mbaya kuliko zote daftarini, 16.4, siku ya mvua, upepo na watu wawili. Zidisha kwa lita 18, unapata kilomita 295. Nikatoa kidogo kwa ajili ya siku mbaya ambayo bado haijanipata, nikaandika 270 kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha plasta, nikakibandika chini ya dashibodi. Wastani wa dashibodi bado unaonekana juu yake, kwa rangi nzuri, na mishale.

Mwezi uliopita nilipita ile njia tena. Kwenye kituo nilichokiruka siku ile, mita ya safari ilisoma 201. Niliingia, nikaisimamisha kwenye stendi ya kati. Kijana wa pampu akachungulia tangini, akaniangalia.

"Bado unayo mengi, bro."

"Najua. Weka tu, mwishoni polepole."

Zikaingia lita 11.1. Nikatoa daftari, nikazidisha 201 kwa 0.97, nikagawanya, nikaandika: 17.6, upepo wa mbele, mizigo yote.